Una kisukari na umealikwa shughulini: utakula nini, na dawa utameza saa ngapi?

Shangazi yangu alianguka msibani. Ilikuwa saa tisa alasiri, kijiji cha pili kutoka kwetu, na watu walikuwa bado wanamsubiri mtoto mkubwa wa marehemu aliyekuwa njiani na basi. Kwa kuwa shangazi ana kisukari, asubuhi ile alifanya yote aliyoamini ni sahihi. Alimeza vidonge vyake kama kawaida, akakataa chai ya sukari na maandazi yaliyokuwa yakipitishwa, akasema atasubiri chakula cha mchana.

Chakula cha mchana hakikuja. Msibani mazishi hutangulia, sufuria hufuata. Alipoanza kutoka jasho jembamba na kusema maneno yasiyoeleweka, kina mama waliomzunguka walidhani ni uchungu. Mmoja alisema, "Mwacheni alie, yatoke." Aliyestuka ni kijana mmoja aliyekuwa akigawa maji. Akauliza, "Mama mkubwa huyu ana sukari?" Akajibiwa anayo. Akakimbia dukani, akarudi na soda, wakamnywesha kidogo kidogo wakati bado anaweza kumeza. Baada ya muda akafumbua macho vizuri, akauliza kwa nini blauzi yake imelowa.

Kuna waliomlaumu yule kijana: mgonjwa wa sukari unampaje soda? Lakini bila ile soda tungekuwa na misiba miwili.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu wasikilizaji wengi wanaotupigia simu kuhusu kisukari huuliza swali moja tu: "Nikiwa mbali na nyumbani, nisile nini?" Ni swali zuri, na tutalijibu. Lakini ni nusu ya jambo. Ukila nje ya nyumbani kuna mambo mawili usiyoyatawala: kilichomo sufuriani, na saa ya kula. Wengi wanaogopa la kwanza. La pili ndilo linaloangusha watu siku hiyohiyo.

Kwa nini aliyejizuia kula ndiye aliyeanguka

Dawa za kisukari hazifanani. Vidonge vya glibenklamaidi na ndugu zake huisukuma kongosho itoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Ukivimeza asubuhi vinaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi, na kama tumboni hakuna kitu, sukari ya damu inashuka, inashuka, mpaka ubongo unakosa chakula chake. Insulini ya sindano nayo ni hivyohivyo. Ile ya mchanganyiko, ambayo wagonjwa wengi wanaitumia, huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, na ikishaingia mwilini haisubiri mpishi.

Metfomini ina tabia nyingine. Yenyewe haiisukumi kongosho, hivyo mtu anayetumia metfomini peke yake ni nadra kuangushwa na njaa kwa namna ile. Ila ikinywewa tumbo tupu huchafua tumbo, ndiyo maana unaambiwa uinywe pamoja na chakula.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kufunga kanga na kuondoka nyumbani ni kujua wewe uko kundi gani. Soma jina kwenye pakiti au kwenye kadi ya kliniki, na siku ya kliniki muulize mhudumu kwa maneno haya: "Dawa yangu hii, nikiimeza na chakula kikachelewa, itaniangusha?" Shangazi alikuwa amemeza glibenklamaidi kwa miaka minne bila kuliuliza swali hilo, na hakuna aliyemwambia.

Kama dawa yako ni ya kuangusha, kwenye shughuli usiimeze kwa kuangalia saa. Ione sahani kwanza. Beba dozi yako mkobani, na chakula kinapopakuliwa kweli, si kinaponukia, ndipo umeze au uchome. Saa ya kula ya kwenye kadi ya mwaliko si ya kuaminika. Sote tumewahi kualikwa harusi ya saa saba tukala saa kumi na mbili.

Wapo wanaofanya kinyume: wanaacha dawa nyumbani kabisa siku ya shughuli wasije wakaanguka. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu ndiyo siku watakayokula wali mwingi kuliko siku zote. Na wanaotumia insulini tangu utotoni wasithubutu kukaa bila insulini kutwa nzima. Hao miili yao haina akiba yoyote, na kwao hatari huja haraka.

Sukari haikai kwenye bakuli la sukari tu

Sasa tuje kwenye sufuria. Mtu akiambiwa ana kisukari, kitu cha kwanza anachokiacha ni sukari ya chai. Vizuri. Kisha anaketi na ugali wa sembe unaotosha watu wawili, na dagaa wanne pembeni. Ugali, wali, ndizi za kupika, viazi, muhogo, chapati na mkate vyote vikifika tumboni huvunjwa vikawa sukari. Ugali wa dona una makapi zaidi kuliko wa sembe, na hilo linasaidia sukari isipande kwa kasi, lakini haubadiliki kuwa mboga. Ukiula mlima, utapata sukari ya mlima. Hali kadhalika mtama na ulezi.

Hapa ndipo shughuli zetu zinapomtega mgonjwa. Angalia sahani ya harusi: pilau, juu yake kipande cha chapati, pembeni ndizi za nyama, na viazi vya kukaanga kwa sababu vimo. Mpokeaji anaona vyakula vinne. Damu yake inaona wanga mara nne. Chagua kimoja. Kama roho imependa pilau, basi leo ni pilau, na chapati umwachie mtoto wa jirani.

Kipimo kinachofundishwa kliniki ni cha sahani: nusu yake iwe mboga za majani au kachumbari, robo iwe nyama, samaki, mayai au maharage, na robo iliyobaki ndiyo iwe wanga. Kama huna sahani ya kupimia, unao mkono. Wanga usizidi ngumi yako iliyofungwa. Nyama au samaki, kiasi cha kiganja bila vidole. Mboga, viganja viwili vilivyokingwa kama unateka maji. Ngumi hiyo ni yako, haiazimwi; mwanamume mwenye mwili mkubwa ana ngumi kubwa na anahitaji chakula zaidi.

Vinywaji ndivyo vinavyodanganya kuliko vyote. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vinane au tisa vya chai. Hakuna mtu angeweka vijiko tisa kwenye kikombe kimoja mbele za watu, lakini soda hatuioni sukari yake. Juisi ya miwa ni sukari na maji. Juisi ya maembe iliyokamuliwa nyumbani, bila kuongezwa chochote, bado ina sukari ya maembe matatu au manne ambayo usingeyala kwa mkupuo. Kula embe lenyewe, nusu, upate na nyuzinyuzi zake. Na asali, pamoja na heshima zake zote, ni sukari.

Mnapokula kwenye sinia

Ushauri wa sahani ni mzuri mjini. Lakini ukiwa Pwani, au mahali popote penye sinia la watu watano, robo yako ni ipi?

Nimewauliza wazee wachache wanaoishi na kisukari, na nimeona kila mmoja ana ujanja wake. Mmoja huanza na mchuzi, nyama na kachumbari, anakula polepole, na anaufikia wali wakati wenzake wameshafika katikati. Mwingine huchora mpaka: anavuta wali wake wa ngumi moja upande wake, anaujua kwa macho, na ukiisha anabaki kutafuna mifupa na kupiga soga ili asionekane ameondoka sinia kabla ya wenzake. Wa tatu alichoka na ujanja. Anamwita mmoja wa wapakuaji mapema, anamwambia, "Mwanangu, nina sukari, nitengee sahani yangu, wali kidogo, mboga nyingi." Anasema hajawahi kukataliwa.

Mimi nampa alama huyo wa tatu. Ujanja unashinda siku mbili. Siku ya tatu mwenye sinia anakusukumia mnofu na wali wake kwa upendo, na mikono inakwenda yenyewe.

Kuanza na mboga na nyama kabla ya wanga, hata hivyo, ni jambo la maana kwa kila mtu mwenye kisukari, awe kwenye sinia au sahani. Chakula kinachotangulia hupunguza kasi ya wanga kuingia kwenye damu, na tumbo likianza kujaa mapema hutatamani ngumi ya pili.

Kwa mama ntilie na siku ya mnada

Kwa mama ntilie una nguvu kuliko unavyodhani, kwa kuwa wewe ni mteja na yeye anapakua mbele yako. Sema kabla kijiko hakijazama: "Mama, wali nusu, niongezee mchicha na maharage." Mara nyingi hatabadilisha bei, kwani kwa wengi wao mchele ndio wenye gharama na mboga za majani ndizo nafuu. Ukishapakuliwa mlima na kuulipia, utaumaliza. Hakuna aliyelelewa kutupa chakula.

Kama hela ni ya ugali na dagaa tu, usione umekosea. Dagaa, mlenda, kisamvu, matembele na mnafu ni vyakula vizuri kwa mgonjwa wa kisukari, pengine kuliko kuku wa kukaanga wa mwenye pesa. Shida haiko kwenye unyonge wa mboga. Iko kwenye ukubwa wa tonge. Makande nayo yanafaa kuliko wali mtupu, hasa maharage yakiwa mengi kuliko mahindi.

Chipsi mayai uzitazame kwa jicho la pili. Watu husema hazina sukari kwa kuwa zina chumvi. Ni viazi, yaani wanga, vilivyonyonya mafuta. Mnadani, kama huoni mboga popote, mshikaki na kachumbari pamoja na ndizi moja ya kuchoma vitakusogeza hadi nyumbani.

Ugenini, ambako kukataa ni tusi

Hapa ndipo pagumu, na sitajifanya pana jibu jepesi. Mwenyeji wako amechinja kuku. Chai ya maziwa imechemshwa na sukari ndani ya sufuria, imewekwa kwenye chupa, haichujiki tena. Ukisema hunywi, sura yake inabadilika.

Kinachosaidia ni kusema mapema, kabla moto haujawashwa, na kusema ugonjwa wenyewe badala ya kutoa visingizio. Ukisema "nimeshiba," utabembelezwa. Ukisema "sipendi," umetukana. Ukisema, "Shemeji, nina sukari, chai yangu naomba ya rangi isiyo na kitu," umempa kazi ya kukutunza, na watu wetu wanaipenda kazi hiyo. Mara nyingi atakwambia na mama yake anayo, au jirani yake, na mazungumzo yatakwenda mbali kuliko chai. Kama umechelewa na kikombe kimeshamiminwa, kunywa nusu na uache vitumbua. Nusu kikombe hakitakuua. Kinachokuumiza ni nusu kikombe katika nyumba saba za siku ya sikukuu.

Kina mama wanaficha zaidi. Wapo ambao hata wakwe zao hawajui kwamba wanatumia dawa, kwa kuogopa maneno. Sina haki ya kumwamulia mtu. Ila shughulini awepo angalau mtu mmoja anayejua, akikaa karibu nawe. Shangazi aliokolewa na swali la kijana mmoja. Asingepatikana wa kujibu "anayo," soda isingefika.

Safarini

Basi linaondoka alfajiri, na mgonjwa wengi wao huamua mambo mawili kabla ya kupanda: asile, na asinywe maji ili asisumbue kwa kuomba kushuka. Yote mawili si salama. Sukari ikiwa juu mwili hupoteza maji kwa mkojo, na ukiacha kunywa unazidi kukauka. Mwambie konda mapema kwamba una ugonjwa wa kisukari na utahitaji kuchimba dawa zaidi ya wengine. Kaa kiti cha karibu na mlango kama kinapatikana.

Chakula cha safari pika mwenyewe: mayai mawili ya kuchemsha, karanga za kuchoma zisizo na sukari, kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha cha ukubwa wa ngumi, chungwa moja. Basi likisimama dakika kumi na tano kwenye mgahawa wa njiani, foleni peke yake inazimaliza, na utakachopata mwisho ni soda na biskuti. Dirishani nako kuna vya kununua, hasa mayai, korosho, karanga na machungwa. Hindi la kuchoma ni wanga. Likiliwa ndilo mlo, lisiwe la kusindikizia mlo.

Insulini usiiweke kwenye buti la basi wala juu ya dashibodi. Joto huiharibu, na ukiichoma hutajua kwamba umechoma maji. Ifunge kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, au iweke ndani ya chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa, ikae mkobani mwako. Isigusane na barafu, maana ikiganda nayo imekufa.

Kuhusu pombe nitasema machache. Iwe ya kienyeji au ya chupa, ikinywewa tumbo tupu na mtu aliyemeza glibenklamaidi au kuchoma insulini, inaweza kuishusha sukari hata saa nyingi baadaye, usiku akiwa amelala. Na dalili za sukari kushuka zinafanana na ulevi, hivyo wenzake watamfunika shuka wakidhani amelewa.

Ikishuka mbele yako

Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, hasira isiyo na sababu, kisha kuongea ovyo. Kwenye kipimo, chini ya 4 ni kushuka. Lakini kama kipimo hakipo na dalili zipo, usisubiri kipimo.

Kama mgonjwa yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ndiyo, kile kikombe cha chai tamu alichokikataa asubuhi ndicho dawa yake alasiri. Subiri dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akizinduka mpe chakula cha kweli, ugali au ndizi, kwa maana sukari ile ya haraka haidumu. Na kama anatumia glibenklamaidi, apelekwe kituo cha afya hata kama amesema amepona, kwa sababu kidonge kiko bado mwilini na kinaweza kumshusha tena baada ya saa kadhaa.

Kama amezimia, usimmiminie chochote mdomoni. Kitaingia kwenye njia ya hewa. Mlaze ubavu na mtafute usafiri upesi.

Na kama ni kinyume, yaani umekula kupita kiasi na unajua, usimeze vidonge viwili kufidia. Hapo ndipo watu hutoka sukari ya juu na kuamkia sukari ya chini. Kunywa maji, tembea taratibu nusu saa kama miguu inaruhusu, mlo unaofuata punguza wanga, dawa umeze dozi yako ileile kwa saa yake. Majani machungu yanayogawiwa baada ya sherehe hayachukui nafasi ya dawa. Ukiwa na kipimo, pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Wagonjwa wengi huambiwa wakae kati ya 4 na 7 kabla ya mlo na chini ya 10 saa mbili baadaye, ila namba zako hasa ni zile alizoandika mhudumu wako kwenye kadi.

Shangazi bado anakwenda misibani. Huko kwetu huwezi kuacha. Alirudi kliniki wakabadilisha mpangilio wa dawa zake. Siku hizi kwenye pindo la kanga yake kuna fundo dogo lenye glukosi ya unga ya dukani, na kwenye mkoba ana yai, karanga na chupa ya maji. Chai ikipitishwa anaagiza ya rangi. Na akifika tu, kabla ya kuketi mkekani, humshika mkono mama aliye karibu na kumwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesalimia: "Dada, mimi nina sukari. Ukiniona naongea ovyo, silii. Nipe soda."